Vitabu Tusivyovihitaji Tena: Kipi Kirudishwe, Kipi Kigaiwe, Kipi Kizikwe?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara, hasa Ramadhani inapokaribia na majumba yanaposafishwa, ni swali la vitabu. Mzee amefariki na ameacha kabati zima. Watoto wamemaliza skuli, vitabu na madaftari yao yamejaa chini ya kitanda. Msahafu wa bibi umechakaa, kila ukifunguliwa kurasa zinapukutika. Msikitini kuna rafu iliyojaa juzuu zisizo na majalada, na hakuna anayethubutu kuzigusa. Watu wanauliza: tuvitupe? Tuvichome? Tuvizike? Tuvitie baharini?

Mara nyingi muulizaji anataka jibu moja la kabati zima. Jibu hilo halipo, kwa sababu ndani ya kabati moja hukutana vitu vyenye hukumu mbalimbali: msahafu, tafsiri, kitabu cha fiqhi, riwaya, gazeti, kitabu cha kuazima na kitabu cha wakfu. Lakini upo msingi mmoja ambao ukishikwa, mengine yote hupangika: kitabu kimeandikwa ili kisomwe, na heshima yake ya kwanza ni kumfikia msomaji. Udongo na moto ni kwa kile kisichosomeka tena. Aliyezika kitabu kizima kwa kudhani amekiheshimu, amemnyima mtu elimu. Na aliyekitia kwenye gunia juu ya dari mpaka mchwa wakakimaliza, naye hakukiheshimu, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Kwanza: kitabu hiki ni cha nani?

Kabla ya kuuliza kitabu kifanywe nini, tuulize ni mali ya nani. Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, kwa sababu mtu huona vitabu si kama nyumba au shamba, akavitoa apendavyo.

Fungueni ukurasa wa mwanzo na wa mwisho wa kila kitabu. Mkikuta jina la mtu mwingine, muhuri wa maktaba au muhuri wa skuli, hicho ni amana. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Amana haifi kwa kufa aliyeishika. Warithi ndio wanaobeba jukumu la kuirudisha. Ikiwa mwenye kitabu naye amefariki, kirudi kwa warithi wake. Vitabu vya skuli vyenye muhuri wa serikali virudishwe skuli, wala visiuzwe, hata kama mtoto alimaliza miaka mingi iliyopita.

Mkikuta yameandikwa maneno ya wakfu, basi hicho si mali ya marehemu wala ya warithi wake. Wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi zawadi. Katika vitabu vya zamani vya huku kwetu maneno hayo huandikwa kwa mkono ukurasa wa mwanzo, pamoja na jina la msikiti, chuo au watu waliowekewa wakfu. Kirudi huko. Ikiwa msikiti au chuo hicho hakipo tena, au hakina mahitaji nacho, jambo hilo liamuliwe na msimamizi wa wakfu au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ili kihamishiwe mahali pa mfano wake. Mtu asijiamulie peke yake.

Katika fungu hili imo misahafu inayochapishwa Madina katika jumba la uchapaji la Mfalme Fahd, ambalo lilifunguliwa mwaka 1984. Mahujaji wengi hurudi nayo, na wengine hupewa misikitini. Ndani yake imeandikwa kuwa ni wakfu na haijuzu kuuzwa. Kwa hiyo kama nyumba moja ina misahafu 7 ya aina hii na wasomaji 4, iliyozidi ipewe wanaohitaji, bila ya kuchukua hata shilingi moja.

Vilivyobaki, ambavyo kweli vilikuwa vya marehemu, ni sehemu ya mirathi kama mali nyingine. Vitaingia baada ya gharama za maziko, madeni na wasia. Vitabu vina thamani, na vingine thamani yake ni kubwa. Seti nzima ya Fat-hul Bari au ya Tafsiri ya Ibn Kathir, ikiwa imekamilika majalada yake yote, si kitu cha kukisiwa kwa macho. Mjane ana haki yake humo: thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Mabinti wana haki yao. Na watoto wadogo wana haki yao, tena yao ndiyo nzito zaidi, kwani Suratun Nisaa, aya ya 10, imetoa onyo kali kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma.

Hutokea kaka mkubwa, kwa kumpenda baba yake, akabeba kabati zima akalitoa msikitini iwe sadaka ya mzee. Nia ni nzuri, lakini ametoa na kisichokuwa chake. Njia iliyo salama ni hii: vitabu viorodheshwe, mtu mwenye ujuzi avikadirie thamani, kisha warithi waliobaleghe na wenye akili timamu waulizwe. Wakiridhia wote kutoa sehemu zao, watapata thawabu na marehemu ataombewa. Ama fungu la mtoto mdogo halitolewi sadaka na mtu yeyote, hata mlezi wake. Litabaki kwa ajili yake, au wakubwa walilipie kwa bei ya haki na fedha ziwekwe kwa jina lake.

Ikiwa mzee mwenyewe aliusia vitabu vyake viende mahali fulani, wasia huo utatekelezwa ndani ya theluthi ya mali yake. Ndiyo maana tunawashauri wazee wetu wenye maktaba wasiache jambo hili kwa watoto kukisia. Karatasi moja yenye sahihi ya mashahidi wawili, inayosema hivi ni vya kuazima, hivi ni vya wakfu na hivi ni vyangu, inaokoa ugomvi mkubwa.

Pili: kinachosomeka kimfikie msomaji

Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.) na kuitoa Imam Muslim, ametufundisha kuwa amali za mtu hukatika kwa kufa isipokuwa kwa mambo matatu, na moja katika hayo ni elimu inayonufaisha. Na katika hadithi nyingine iliyotolewa na Ibn Majah, ametajwa muumini anayefikiwa na thawabu baada ya kufa kwa sababu ya msahafu aliouacha. Msahafu unaomfaa maiti ni ule unaofunguliwa. Uliofungwa kwa kitambaa cha hariri juu ya kabati miaka 20 bila ya mtu kuusoma, unahitaji kutolewa pale.

Vitabu vizima vya dini vipelekwe vyuoni, misikitini yenye darsa, au kwa mwanafunzi anayevitafuta. Vya lugha ya Kiarabu vya daraja ya juu vinawafaa zaidi wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya Kiislamu kuliko chuo cha watoto wanaosoma Juzuu Amma. Vitabu vya skuli vinavyolingana na mtaala wa sasa wapewe watoto wa jirani au maktaba ya skuli. Riwaya, kamusi na vitabu vya historia vinaweza kupelekwa maktaba za umma. Tusiwasahau pia walioko Chuo cha Mafunzo, ambao muda wanao na kitabu hawana. Wazungumzwe wakuu wa mahali hapo kwanza.

Kuuza pia kunajuzu. Kitabu chako halali unaweza kukiuza, na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, kuuza msahafu ambao si wakfu kunasihi, ingawa wapo maulamaa waliolichukia jambo hilo kwa kuutukuza msahafu. Kuutoa bure ni bora zaidi.

Lakini tuna neno kwa wanaotoa. Msikiti si stoo. Chuo cha Qurani si mahali pa kumwaga kile ambacho nyumbani kimekuwa taka. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Mwenye kupeleka gunia la juzuu zilizoliwa na mchwa, vitabu vilivyokatika katikati na madaftari ya zamani, hakutoa sadaka. Amempa mwalimu wa chuo kazi na hofu, kwa sababu yeye ndiye atakayebeba jukumu la kurasa hizo. Kwa hiyo tutimize mambo matatu: tuulize kwanza kama vinahitajika, tuvisafishe, na tutoe tu kile ambacho tungefurahi mtoto wetu akisomee.

Na kabla ya kusema kitabu kimekwisha, tutazame kama kinatengenezeka. Msahafu ulioachia jalada lakini kurasa zake zote zipo haujafika wakati wa kuzikwa. Kuujalidi upya ni gharama ndogo kuliko kununua mpya, na kazi hiyo hata vijana wa chuo wanaweza kufundishwa kwa uzi, sindano, gundi na gamba gumu. Kurasa zilizochomoka na zikapatikana zirudishwe mahali pake kwa kufuata namba. Ukikosekana ukurasa mmoja tu, mwenye kuhifadhi anaweza kutia nakala yake iliyotolewa kwenye msahafu wa chapa ileile.

Tatu: msahafu na kurasa zisizofaa tena kusomwa

Sasa tuje kwenye kile kilichokwisha kweli: kurasa zimeraruka, maandishi yamefutika au mchwa wamekula nusu. Maulamaa wote wamekubaliana juu ya wajibu wa kuuhifadhi na kuuheshimu msahafu. Imam Nawawi amelitaja hilo katika kitabu chake At-Tibyan. Walichotofautiana ni njia ipi inatimiza heshima hiyo pale kurasa zinapokuwa hazifai tena kusomwa.

Njia ya kwanza ni kuchoma. Asili yake ni alivyofanya Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.), kama ilivyopokewa na Anas bin Malik (r.a.) katika Sahih Bukhari. Hudhayfa bin Yaman (r.a.) alipohofia watu kukhitilafiana katika usomaji, Sayyidna Uthman alizichukua kurasa zilizokuwa kwa Bibi Hafsa (r.a.), akawaamrisha Zayd bin Thabit na wenzake watatu kuzinakili. Nakala zikapelekwa katika miji, na akaamrisha maandishi mengine yasiyokuwa hayo yachomwe. Masahaba walikuwapo na jambo likapita. Kutokana na hilo, maulamaa wengi wamesema kuchoma kwa kusudi la kuilinda Qurani isidhalilike kunajuzu.

Njia ya pili ni kuzika. Haya ndiyo wanayoyapendelea maulamaa wa Kihanafi, na Mahanbali nao wamelitaja. Imepokewa kwamba Abul Jawzaa, mmoja wa wema waliotangulia, msahafu wake ulipochakaa alichimba ndani ya msikiti wake akauzika. Ibn Taymiyya amelinganisha jambo hili na maziko ya muumini: mwili wake huzikwa mahali pa kuhifadhika kwa sababu ya heshima yake.

Njia ya tatu ni kufuta maandishi kwa maji. Imam Suyuti, katika Al-Itqan, amemnukuu Al-Halimi kuwa kurasa zilizochakaa zinaweza kuoshwa kwa maji, na zikichomwa pia hakuna ubaya. Ametaja vilevile kauli ya Qadhi Husayn aliyekataza kuchoma, na ya Imam Nawawi aliyeona ni makruhu. Kwa hiyo mtu asimkaripie mwenzake kwa kuwa amechoma au amezika. Kila njia ina maulamaa nyuma yake. Ndani ya madhehebu ya Shafi wapo waliofafanua kwamba karaha ya kuchoma inaondoka pale kusudi linapokuwa ni kuyahifadhi maneno ya Mwenyezi Mungu.

Humo humo katika Al-Itqan yamekatazwa mambo mawili ambayo huku kwetu yanafanyika sana. La kwanza ni kupachika kurasa katika nyufa za ukuta au mapengo ya boriti, kwa sababu zinaanguka na kukanyagwa. La pili ni kuchanachana, kwa sababu huko ni kukata herufi na kutawanya maneno. Hukumu hii ya kuhifadhi inaenea kwa tafsiri pia. Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapwa Nairobi mwaka 1969 na ambayo imo katika nyumba nyingi za visiwani, ina matini ya Kiarabu sambamba na tafsiri. Ikichakaa, itendewe kama msahafu. Vitabu vya hadithi, Maulidi ya Barzanji na vitabu vya fiqhi, navyo vimejaa aya, jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume wake, na havistahiki jaa.

Namna ya kufanya hapa kwetu visiwani

Hukumu ikishajulikana, kazi inabaki kwenye utekelezaji, na hapa ardhi na bahari yetu vina neno lake.

*Kuzika.* Kurasa zifungwe kwa kitambaa safi cha pamba, si kwa mfuko wa plastiki, kwani kusudi ni karatasi irudi udongoni. Shimo lichimbwe mahali pasipopitwa na watu wala mifugo, mbali na choo, na lifike kina ambacho mvua za masika hazitalifukua. Pemba udongo ni mzito, lakini milima na mabonde yake hupitisha maji mengi. Tuchague sehemu iliyoinuka, si njia ya maji. Upande wa mashariki na kusini mwa Unguja, sehemu nyingi ni mawe na udongo ni kiganja tu juu yake. Pale ambapo shimo la maana halichimbiki, tusizike nusu nusu mbwa na kuku wakafukua. Hapo kuchoma ni salama zaidi.

*Kuchoma.* Kufanywe katika pipa safi la bati au shimo lililosafishwa, si juu ya jaa pamoja na taka nyingine, na kamwe kurasa hizo zisitumike kuwashia jiko. Majalada ya plastiki yatolewe kwanza. Kurasa zitiwe chache chache, kwa kuwa kitabu kilichofungwa huungua pembeni tu na katikati kikabaki. Zigeuzwe mpaka zote ziwe majivu. Jambo hili linahitaji kuangaliwa, kwa sababu karatasi iliyoungua inaweza kubaki nyeusi na herufi zake bado zinasomeka. Isagwe mpaka zisionekane. Kisha majivu yazikwe au yamwagwe mahali safi.

*Maji.* Wazee wetu walisoma chuoni kwa ubao, wakaandika kwa wino unaoyeyuka, na ubao ukioshwa maji yake humwagwa mahali pasipokanyagwa. Hiyo ndiyo sura ya kuosha iliyosemwa na maulamaa. Wino wa kiwandani wa leo hautoki kwa maji. Ukurasa wa msahafu uliochapwa unaweza kulala ndani ya ndoo usiku kucha ukatoka na herufi zake zote. Atakayetumia maji lazima aziloweke kurasa na kuzisaga mpaka ziwe rojo isiyo na herufi, kisha aifukie rojo hiyo.

*Bahari.* Hapa tunasema kwa uwazi. Wapo wanaotia misahafu katika mfuko, wakafunga jiwe na kuutosa. Bahari yetu ina maji kujaa na kupwa. Mfuko hupasuka, na kinachotoswa leo karibu na pwani hutupwa ufukweni keshokutwa, watoto wakachezea na mbwa wakapita juu yake. Aliyetaka heshima ameleta udhalilifu. Kama kuna wanaotaka bahari, basi wapeleke majivu, na wayamwage mahali penye maji mengi.

Tunaongeza nasaha moja ya hekima. Kazi hii isifanywe na mtu mmoja barabarani wala na kijana aliyetumwa peke yake. Anayepita akaona misahafu ndani ya moto hatajua nia ya aliyewasha. Atapiga picha, na kabla ya Magharibi fitna imeshaenea katika simu za watu. Imamu wa msikiti ajulishwe, wawepo watu wazima wawili au watatu, pawe mahali pa faragha, na pasiwepo wa kupiga video. Bora zaidi ni kila msikiti uweke sanduku moja lenye kifuniko, likiwa limeinuliwa kutoka chini, watu walete kurasa zao, na mara moja au mbili kwa mwaka kamati ishughulikie zote kwa pamoja.

Nne: usichome kabla ya kuangalia maandishi ya mkono

Hili ni jambo ambalo likipotea halirudi. Katika makasha ya nyumba zetu, Mji Mkongwe, Wete, Mafia, Lamu na kwengineko, yamo maandishi ya mkono: misahafu iliyonakiliwa na mababu, vitabu vya fiqhi, tenzi kwa hati za Kiarabu, barua, hati za mashamba, wasia, na tarehe za kuzaliwa watoto zilizoandikwa ukurasa wa mwanzo wa kitabu. Mara nyingi hufanana na uchafu: karatasi nene ya manjano, wino mweusi na mwekundu, pembe zimeliwa. Asiyeisoma hati huona ni kurasa za kuchoma, kumbe huenda ndimo ulimo ushahidi wa wakfu wa msikiti wa mtaa wake.

Elimu imekuwapo hapa muda mrefu. Katika miaka ya 1880, wakati wa Sayyid Barghash, Unguja ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa vitabu vya Kiarabu, vikiwemo vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi. Nakala za vitabu hivyo bado huibuka katika makasha ya watu. Huko Sanaa, Yemen, mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakitengeneza Msikiti Mkuu walikuta baina ya dari na paa lundo la kurasa za ngozi na karatasi. Zilikuwa ni kurasa chakavu zilizohifadhiwa na watu wa zamani, na ndani yake mlikuwa na vipande vya misahafu ya karne ya kwanza ya Hijria.

Kwa hiyo chochote kilichoandikwa kwa mkono kitengwe. Kisianikwe juani, kisibandikwe selotepu, kisipuliziwe dawa ya wadudu. Kiwekwe kimelala, mahali pakavu penye hewa, ndani ya karatasi safi au sanduku la karatasi ngumu, kisha atafutwe mtu anayesoma hati hizo. Zanzibar tunayo hifadhi ya nyaraka, pale Kilimani, yenye mkusanyiko wa maandishi ya Kiarabu. Familia isiyotaka kuachana na kitabu chake inaweza kukipiga picha na kubaki nacho. Ndivyo ilivyofanyika kwa maandishi ya Msikiti Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh: yalipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na yenyewe yakabaki Lamu. Wala msimuuzie mpita njia kwa fedha za siku moja. Mkumbuke pia kuwa huenda ni wakfu, na wakfu tumeshasema hauuzwi.

Tano: vitabu vyenye madhara

Wakati mwingine katika kabati hutoka vitabu vya ramli, vya sihiri na vya kubashiri kwa nyota. Imam Nawawi, katika Al-Majmu, amesema vitabu vya elimu za batili na za haramu kama hizo havisihi kuuzwa, na hukumu yake ni kuharibiwa. Kwa hiyo asipewe mtu, hata kwa kisingizio cha udadisi, na kwa kuwa waandishi wake huchanganya ndani yake aya na majina ya Mwenyezi Mungu, vichomwe kwa adabu ile ile tuliyoieleza. Ila tusikurupuke. Falaki ya hisabu, inayojulisha nyakati za sala, kibla na miandamo, ni elimu ya halali na yenye manufaa, na vitabu vyake vina michoro na jadweli ambazo asiyejua atazidhania ni za uganga. Vivyo hivyo vitabu vya tiba. Aulizwe mwanachuoni kabla ya kiberiti.

Majarida yenye picha chafu na riwaya za uovu nazo hazigaiwi wala haziuzwi, kwa sababu atakayeharibika kwazo tutashiriki katika dhambi yake. Ama vitabu vya dini nyingine mlivyopewa au mlivyorithi visifanyiwe dharau. Vimo majina ya Mwenyezi Mungu na ya Mitume, na mna majirani ambao ni vyao. Kumpa jirani wa dini hiyo kitabu kilichosahauliwa nyumbani kwenu, au kukiteketeza kwa utulivu, maulamaa wana maneno juu ya kila moja. Ila kukitupa jaani au kukikejeli hadharani si katika adabu ya Uislamu.

Sita: magazeti, kadi na madaftari

Hapa wengi hupata wasiwasi, na wengine hughafilika kabisa. Gazeti la kawaida, daftari la hesabu na kitabu cha jiografia havina hukumu ya msahafu. Vinaweza kutumika, kuuzwa kwa wanunuzi wa karatasi au kutupwa. Kinachoangaliwa ni aya, jina la Mwenyezi Mungu na hadithi. Ukurasa wa dini wa gazeti, daftari la mtoto la somo la dini, karatasi ya mtihani yenye aya, kalenda ya msikiti na kadi ya harusi yenye basmala, vitengwe. Mara ngapi tunanunua karanga au maandazi, karatasi ya kufungia ikawa ni mtihani wa somo la dini? Walimu na wenye maduka wana dhamana hapa.

Tunawaomba pia wanaochapisha kadi za harusi wafikirie. Kadi mia nne zenye aya ya Qurani zitaishia wapi wiki moja baada ya walima? Dua njema kwa Kiswahili inatosha, na inawaepusha wageni na mzigo.

Jina la mtu kama Abdalla au Abdulrahman ndani ya orodha, si lazima kulikata kila mahali. Mwenye kuchukua tahadhari atapata ujira wake, ila dini yetu haikuwekwa iwe uzito. Na Qurani iliyomo katika simu ikifutwa hakuna karaha, kwa kuwa hapo hakuna kurasa za kudhalilishwa.

Muhtasari

Kwa ufupi, familia inayosafisha kabati ifuate mpangilio huu. Rudisheni amana na wakfu. Gaweni mirathi kwa haki, na fungu la mtoto mdogo lisiguswe. Tengeni maandishi yote ya mkono. Tengenezeni kinachotengenezeka. Toeni kizima kwa mwenye kukisoma, baada ya kumuuliza. Haribuni chenye madhara. Kisha, na kisha tu, kurasa zenye maneno ya Mwenyezi Mungu zisizosomeka tena zizikwe au zichomwe kwa adabu.

Katika Suratul Hajj, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametubainishia kuwa kuzitukuza alama za dini Yake kunatokana na uchamungu wa nyoyo. Uchamungu huo unaonekana katika kazi ndogo kama hii: kukaa chini na watoto, kukifungua kila kitabu, kusoma jina lililoandikwa ndani yake, na kukipeleka panapostahiki.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotuachia vitabu hivi, azifanye herufi walizozisoma ziwe nuru katika makaburi yao, na atujaalie tuwe warithi wa elimu yao kabla ya kuwa warithi wa makabati yao. Amin.

Wallahu aalam.